Kuku wa Mwajabu Aliyeruka Ua

Ipo nchi moja, na tafadhali msiniulize njia ya kwenda huko, kwa sababu wenyewe hawapendi watu waulizane njia. Inaitwa Utulivuni. Kiongozi wake anaitwa Baba Mlezi. Siku moja Baba Mlezi alikuwa akihutubia uwanjani mbele ya wageni wa nchi za nje, akasema: "Nchi yetu ni tamu! Hakuna kiumbe anayetaka kutoka humu. Hata kuku!"

Angekomea kwenye "humu", watu wengi wangelala salama mpaka leo. Lakini kuku alishatajwa, na makofi yalikuwa hayajaisha kuku mmoja alipochomoka chini ya jukwaa, akakatiza juu ya zulia jekundu, akaruka ua wa uwanja na kushika njia ya mpakani. Wageni wakacheka. Baba Mlezi hakucheka, kwa hiyo na wenyeji wakaacha kutabasamu.

Haikupita wiki ikaundwa Wizara ya Kutulia Mahali. Waziri wake akazungumza redioni kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Ndugu wananchi, wapo wanaodhani kuku anaruka ua kwa sababu ana mabawa. Huo ni uzushi. Bata naye ana mabawa, mbona ametulia? Kuku anayeruka ua ameona kasoro katika nchi. Na kasoro haionekani hivi hivi kwa jicho la kuku, lazima kuna mtu kamwonyesha. Kwa hiyo kila kuku atakayekamatwa nje ya ua, tutamtafuta mwenyewe, na mwenyewe atatueleza huyo kuku alikuwa akisikia maneno gani nyumbani."

Basi nchi nzima ikaanza kunong'ona mbele ya kuku. Mke na mume wakitaka kuulalamikia unga kuwa na mende, walikwenda kwanza chumbani, wakafunga mlango, wakachungulia uvunguni kama hakuna aliyejificha akiatamia.

*

Katika mtaa wa Kisima Kikavu aliishi mama mmoja aitwaye Mwajabu. Mumewe alikuwa dereva wa lori la chumvi, mtu wa kuja na kuondoka, na watoto walikuwa wengi, wa mwisho bado mgongoni. Mwajabu alikuwa mtu wa wasiwasi. Mtoto akikohoa, yeye ndiye anayeshika kifua. Tangazo la waziri lilipotoka, aliacha hata kuimba akiosha vyombo, maana wimbo nao una maneno.

Jirani yake alikuwa Radhia, mjane mwenye binti mmoja, Mwanahawa. Ua wa matete tu ndio uliowatenga. Walikuwa mashoga, na ushoga wa huko una desturi yake: wawili hununua doti moja ya kanga, wakaikata katikati, kila mmoja akachukua upande wake, ili wakienda shughulini watu waone kwamba hawa ni kitu kimoja. Yao ilikuwa ya manjano yenye korosho nyekundu. Ilipochakaa, wakaichana vitambaa vya kuwafunga kuku miguuni, iwe alama. Kuku wenyewe walikuwa wa ukoo mmoja, wote madoadoa meusi kwa meupe, huwezi kumjua huyu na yule. Kwa hiyo walikubaliana: wa Mwajabu hufungwa mguu wa kulia, wa Radhia mguu wa kushoto. Miaka yote hawakuwahi kugombania hata yai.

Sasa Mwajabu alikuwa na mtetea mmoja ambaye kwake ua ulikuwa kitu cha kupandia. Aliongeza matete juu, mtetea akaongeza mruko. Akatandaza wavu mkuukuu wa kuvulia, mtetea akatafuta tundu akalipata. Mwisho Mwajabu akafanya alichofundishwa na mama yake: akampunguza manyoya ya bawa. Bawa moja tu. Ukipunguza yote mawili kuku anaruka bado, chini chini, lakini amenyooka. Ukipunguza moja, akijaribu kuruka anapinda kama mlevi na kuanguka pale pale alipoondokea.

Siku hiyo alimbana mtetea katikati ya magoti, kichwa chini miguu juu, mkasi mkononi, mtoto mgongoni analia. Kitambaa kikakatika. Akachukua kingine akafunga haraka haraka. Kuku aliyegeuzwa, kulia kwake kumekuwa kushoto. Mwajabu aliligundua kosa asubuhi yake alipokuwa anawarushia pumba. Akasema, nitamgeuzia kesho. Kesho kulikuwa na kufua. Kesho kutwa mtoto alikuwa na homa. Na manyoya, mnayajua manyoya, hayangoji mtu. Yakaota.

Asubuhi moja alitoka uani, mtetea hayupo.

*

Jua lilikuwa halijawa kali Afisa Utulivu, Bwana Shaweji, alipoingia mtaani na gari lenye bendera. Kuku alikuwa amekaa kiti cha mbele kwa kuwa ni ushahidi. Bwana Shaweji alikaa nyuma. Akateremka, akamwinua kuku juu kwa mikono miwili kama anayeonyesha kombe la mpira, akashika kipaza sauti.

"Kuku huyu amekamatwa barabara ya mpakani, akielekea nje ya nchi, bila kugeuka nyuma hata mara moja! Ni wa nani?"

Watu walimtazama kuku. Kuku akawatazama watu.

"Kitambaa hicho ni kanga ya Radhia na Mwajabu," akasema mwanamke mmoja, katika wale wanaopenda kusaidia.

Radhia akatoka jikoni kwake, unga umemjaa viganjani. "Haya, na kelele zote hizi ni za kuku? Hebu nimwone. Kafungwa mguu gani? Wa kushoto." Akacheka. "Ee, basi wangu huyo. Nina mtetea kapotea siku mbili tatu hizi, nikajua kicheche keshamla. We mshenzi, ulikuwa wapi?"

"Umekiri," akasema Bwana Shaweji.

"Nimekiri nini, baba? Nimesema kuku wangu."

"Ndiyo kukiri kwenyewe."

Mwajabu alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, mtoto mgongoni. Alimwona kuku vizuri. Aliliona lile bawa, manyoya mapya bado mafupi kidogo kuliko ya upande wa pili, na alama ya mkasi wake kwenye manyoya ya pembeni. Akafungua mdomo.

Mdomo ulikaa wazi. Ndani ya kichwa chake maneno yalikwenda mbio kuliko kuku: mimi nina watoto wengi, yeye ana mmoja. Mume wangu yuko safari, huyu wa mgongoni ananyonya. Radhia ana ulimi, atawajibu watamchoka, mchana atakuwa amerudi. Na yeye mwenyewe si ndiye kasema ni wake? Nani mimi nimbishie?

Akafunga mdomo.

"Shoga," Radhia akamwita akipanda gari, "nitazamie Mwanahawa, na sufuria langu lisiungue. Sikawii!"

Ugali ule Mwajabu aliusonga yeye. Ukatoka na madonge ya unga mbichi.

*

Jambo la kuku halikuishia hapo. Maafisa walipokagua ua wa Radhia walichungulia na upande wa pili, wakaona matete marefu, wavu, na kuku wa Mwajabu wametulia. Waliobaki, maana yake.

"Mama huyu ni mfano!" Bwana Shaweji akapaza sauti. "Anaishi ubavuni mwa kasoro na haijamwambukiza!"

Baba Mlezi akasaini mwenyewe, na Mwajabu akawa Mwalimu wa Kutulia wa mtaa mzima. Akapewa utepe wa kijani wa kuvaa begani. Siku ya kuapishwa aliambiwa awafundishe wananchi siri yake. Alisimama mbele ya umati, na kwa kuwa hakuwa na siri nyingine zaidi ya ile aliyoiogopa, alisema anachokijua. Akaeleza habari ya bawa moja. Akaeleza na ya kuku mgeni: ukimleta kuku mgeni nyumbani usimwachie. Mfunge kamba mguuni, kamba uifunge kwenye mguu wa meza. Mrushie mahindi saa zile zile kila siku. Mwite kwa sauti ya upole.

"Halafu?" akauliza Bwana Shaweji, ambaye alikuwa ameacha kusinzia.

"Halafu unamfungua, mheshimiwa."

"Anaondoka?"

"Haondoki. Keshazoea. Anazunguka pale pale kwenye mguu wa meza kama vile kamba ingalipo."

Bwana Shaweji akamtazama afisa mwenzake. Mwenzake akatazama miguu ya wananchi.

Muda si mrefu agizo likatoka redioni. Kwa ushauri wa kitaalamu wa Mwalimu Mwajabu, kila raia atasalimisha kiatu kimoja. Si viwili, waziri alisisitiza. Ukimnyang'anya mtu vyote viwili atazoea kwenda pekupeku, na mtu wa pekupeku hufika mbali. Kimoja tu, anapinda. Nchi ikaanza kuchechemea. Mabwana harusi waliingia ukumbini wakichechemea, wanajeshi walipiga gwaride wakichechemea, na wageni walipouliza waliambiwa ni ngoma ya asili.

Na wale waliokuwa wakihojiwa na Wizara hawakufungiwa tena vyumbani, maana huo ulikuwa ukatili wa kizamani. Sasa walifungwa kamba kwenye miguu ya meza. Meza zilipopungua, maseremala wakaagizwa watengeneze meza za miguu mingi kama tandu.

Mwajabu aliyasikia hayo akichambua mchele. Hakujua amechambua nini siku hiyo. Watoto walitafuna mawe.

*

Mwanahawa alikuwa akila kwake. Mtoto alikuwa na adabu ya kuumiza. Kila alipomaliza alinawa, akaosha sahani yake na ya mtoto mdogo, akasema, "Ahsante, Mama Mkubwa. Mama akirudi nitamwambia ulivyonitunza."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Kula tu."

Mwajabu akawa anampa kipande kikubwa cha samaki. Wanawe wakanuna.

"Mama, mbona Mwanahawa kila siku kipande cha tumboni?"

"Ni mgeni."

"Mgeni gani huyo, anakaa hapo ng'ambo ya matete!"

"Nimesema mgeni! Kuleni, mnyamaze!" Na yeye mwenyewe hakula, alisema jino linauma. Jino lile liliuma muda mrefu mpaka nguo zikamlegea mwilini.

Alijisemea kila asubuhi kwamba leo atakwenda kusema. Alifika mpaka kona ya duka la mafuta ya taa. Hapo watu walimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," wakimpisha na kiatu chao kimoja, na utepe ule begani ukawa mzito kama gogo. Alinunua kiberiti akarudi. Nyumba yake ilijaa viberiti.

Halafu siku moja, watoto wakiwa shule, alisikia kitu nyuma ya kuni zake. Akazungukia. Mtetea wa madoadoa alikuwa anatoka kule kwenye giza la magogo, amekonda, manyoya yamemsimama kwa hasira ya uzazi, na nyuma yake vifaranga wanamfuata wakilia. Mguuni ana kitambaa cha manjano. Mguu wa kushoto.

Mwajabu alikaa chini palepale penye majivu. Kuku wa Radhia hakuliwa na kicheche. Alikuwa hapa, nyuma ya kuni za Mwajabu, akiatamia kwa utulivu ambao Wizara nzima isingeweza kuufundisha.

Na mnajua alifanya nini? Aliinuka akachukua tenga, akamfunika kuku na vifaranga wake, na juu ya tenga akatupia nguo za kufua.

Nguo hazizuii sauti ya vifaranga. Mwanahawa aliporudi shule, kiatu mguu mmoja, alisimama mlangoni akainamisha sikio. Akaenda moja kwa moja, akaondoa nguo, akainua tenga.

"Mama Mkubwa! Kuku wetu! Kuku wetu yupo, na watoto kazaa!" Akaruka, akapiga makofi. "Basi mama anarudi! Twende tukawaambie kuku wetu hakuruka!"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

"Tungoje nini? Kuku wetu si huyu hapa?" Mtoto akaacha kupiga makofi. Akamtazama kuku, akautazama ua, akahesabu jambo fulani kichwani. "Sasa yule aliyeruka, alikuwa wa nani?"

Mwajabu angeweza kusema hajui. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeshapashwa moto. Lakini mtoto alimtazama bila shaka yoyote, kama mtu anayeuliza saa.

"Wangu," akasema.

Mwanahawa hakulia. Alirudisha tenga polepole, asimbane kifaranga.

*

Ofisi ya Wizara ilikuwa chumba kirefu chenye meza moja ndefu, na kila mguu wa meza ulikuwa na mtu wake. Wamekaa sakafuni, kamba kifundoni. Bwana Shaweji alikuwa anapita na bakuli la mahindi ya kuchemsha akiita kwa upole, "Kuu, kuu, kuu," na watu wakinyoosha viganja. Radhia alikuwa mguu wa mwisho. Mwanahawa alipomwona akataka kukimbia, Bwana Shaweji akamshika bega.

"Taratibu, mwanangu, usimshtue. Ndiyo kwanza anaanza kutulia."

Mwajabu akaweka tenga sakafuni. "Mheshimiwa, kuku aliyeruka ua alikuwa wangu. Wa Radhia ni huyu, alikuwa anaatamia nyuma ya kuni zangu. Kitambaa nilikosea mguu. Mfungue shoga yangu unifunge mimi."

Bwana Shaweji akawatazama vifaranga kwa huzuni. "Mwalimu, umechoka. Unafundisha sana."

"Sijachoka. Kuku ni wangu."

"Haiwezekani. Wewe umeteuliwa na Baba Mlezi. Baba Mlezi hawezi kumteua mtu mwenye kuku mtoro. Kwa hiyo kuku yule si wako. Hilo halina hata haja ya kumwuliza kuku."

"Lakini wa Radhia ni huyu hapa! Utamweka wapi huyu?"

Hapo Bwana Shaweji akasita. Akaenda pembeni na mwenzake, wakanong'onezana, wakarudi nyuso zinang'aa.

"Mwalimu, umetufumbua macho! Ikiwa kuku wa Radhia ni huyu, basi yule wa mpakani hakuwa wake. Hakuwa wake, naye akampokea mbele ya umma, tena akicheka. Huo ni wizi wa kuku. Na kwa kuwa siku alizokaa hapa zilikuwa za kosa lile lingine, ambalo sasa tumeona hakulitenda, siku hizo hazimsaidii. Anaanza upya. Redio itatangaza jioni, na jina lako litatajwa kwa heshima zote."

Mwajabu akavua utepe, akautupa chini, akaenda kukaa ubavuni kwa Radhia. "Basi nifungeni na mimi."

"Miguu yote ina watu," akasema Bwana Shaweji, kwa masikitiko ya kweli. "Mpaka seremala alete meza nyingine."

Radhia alikuwa anatafuna mahindi yake. Sasa akageuza kichwa. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, ya mtu aliyesemeshwa kwa upole muda mrefu mno.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Nilikuona ulivyofungua mdomo. Nikadhani unataka kuniaga."

"Nisamehe, shoga yangu."

Radhia akajipangusa mahindi viganjani. Alimtazama binti yake. "Umekula, mama?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Uji na muhogo."

"Kwa nani?"

Mwanahawa akaelekeza kidole kwa Mwajabu, hakumtaja jina.

Radhia akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu. "Basi inuka hapa," akamwambia Mwajabu. "Ukikaa na wewe, jioni atakula kwa nani?"

Mwajabu akainuka. Wenzangu mnaolea, na mnaofuga, mtaniwia radhi kwa kuwaeleza habari ndefu ya kuku wa nchi ya watu. Lakini mkiulizwa kitu cha nani, na mnakijua, semeni palepale, mtoto mgongoni hivyo hivyo, magoti yakitetemeka hivyo hivyo. Ukweli nao huota manyoya. Ukiuweka weka, siku utakayoufungulia utaruka uende kumwangukia mtu ambaye hukumkusudia.

Walitoka nje, jua kali. Mwanahawa alitangulia akichechemea, tenga limemzidi kimo, vifaranga wanalia ndani. Mwajabu akamkimbilia, akashika ukingo wa tenga ili amsaidie.

Mtoto akalivuta tenga upande wake.

"Nitabeba mwenyewe," akasema. "Hawa ni wetu."